Ufunguo wa Majaribio

Watu wa mtaa walikuwa na utani wao kuhusu fundi kufuli. Walisema kibanda chake ndicho chenye mlango dhaifu kuliko yote. Ni kweli. Mlango huo ulifungwa kwa waya uliosokotwa mara tatu. Mtu akimtania, fundi alicheka kidogo na kujibu, "Mganga hajigangi."

Kila asubuhi alifungua ule waya, akafagia chenga za shaba za jana, akazitia kwenye kopo kubwa chini ya meza. Kisha alipanga tupa zake kuanzia nene hadi nyembamba. Ufunguo ulibanwa kwenye jiliwa, naye akaanza kuchonga taratibu, huku akipuliza unga wa shaba kila baada ya mikwaruzo michache. Hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa kufungua kufuli mbovu na kuzitazama ndani.

Kwa kuwa alijifundisha mwenyewe, alikuwa na desturi ambayo mafundi wengine hawakuwa nayo. Kabla ya kuchonga ufunguo wa mteja, alichonga kwanza mmoja kwa shaba ya mabaki. Aliuita ufunguo wa majaribio. Ukifungua vizuri, ndipo alipochonga wa mteja. Ule wa majaribio aliutia kwenye pete, akaufunga kikaratasi chenye alama, akautundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Mwezi ukipita bila mteja kurudi kulalamika, aliuponda kwa nyundo na kutupa vipande kwenye kopo.

Desturi hiyo waliijua watu watatu tu: yeye, mkewe, na binti yao.

Binti huyo walimwita Chiriku tangu alipoanza kusema, maana alisema bila kupumzika, kama ndege huyo. Lakini muhula huu Chiriku alikuwa amebadilika. Akitoka shule alikaa kwenye kona ya kibanda, akikatakata karatasi kwa mkasi na kunong'ona peke yake. Baba akikaribia, alifunika karatasi zake kwa daftari.

Fundi aliona. Hakusema kitu. Kazi ya kufuli humfundisha mtu kuangalia zaidi kuliko kusema. Tena humfundisha kushuku, kwa sababu kila anayekuja amepoteza kitu au ameibiwa.

Siku ya Jumanne, Chiriku alileta bahasha kutoka shuleni. Ilikuwa imefungwa kwa gundi.

"Mwalimu mkuu amesema nikupe wewe mwenyewe, Baba."

"Umefanya nini?"

"Sijui. Nilifaulu sayansi. Labda ni hiyo."

Fundi alifuta mikono na kuisoma barua polepole, kidole kikifuata mstari. Kusoma alijua, lakini barua za ofisini zilimchosha kama kufuli yenye kutu. Aliokota maneno machache. Mtihani. Kabati. Mshukiwa. Aje leo saa nane.

Alikunja barua, akaitia mfukoni. "Baki hapa mpaka mama yako atoke kwa dobi," alisema, kisha akashika njia ya shuleni.

Ofisini, mwalimu mkuu alimkaribisha kiti kwa adabu. Nyuma yake lilisimama kabati la chuma. Kufuli ya kabati hilo aliiweka fundi mwenyewe, wiki tatu zilizopita.

Mwalimu mkuu alieleza kwa sauti ya chini, bila kupandisha. Muhula uliopita Chiriku alipata alama thelathini na nane katika sayansi. Safari hii alipata themanini na nne. Mtihani aliutunga mwalimu mkuu peke yake, kutoka kitabu kipya ambacho hakuna mwanafunzi aliyewahi kukiona. Aliweka humo maneno magumu, ambayo hayakuwahi kufundishwa darasani, ili ajue nani anaweza kufikiri. Darasa zima liliyaruka. Chiriku aliyaeleza yote. Na karatasi za mtihani zililala siku nne ndani ya kabati lile.

"Sijasema binti yako ni mwizi," alisema mwalimu mkuu. "Nauliza tu. Funguo za kabati hili ulichonga ngapi?"

Fundi alitazama vidole vyake, vyeusi kwa mafuta.

"Mbili, Mwalimu. Na zote mbili nilikukabidhi mkononi."

"Ndivyo ninavyokumbuka. Basi kesho asubuhi uje na binti. Nitamwita na yule mwalimu wa mazoezi aliyeletwa na chuo cha ualimu, maana hata yeye simwelewi vizuri. Kama ikithibitika mtihani uliibwa, alama zitafutwa na binti atasimamishwa mwaka mzima. Sitakuwa na njia nyingine."

Njiani fundi alihesabu hatua zake ili asifikiri, lakini alifikiri. Alikuwa amesema kweli, ila si kweli yote. Na alijua kwamba kweli ya nusu ni kama ufunguo wenye meno nusu. Unaingia, lakini haufungui.

Alipofika kibandani, hakuwepo mtu. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya mlango. Misumari ilikuwa tisa. Minane ilikuwa na funguo zake. Wa tisa, uliotundikwa ufunguo wa shule, ulikuwa mtupu.

Akakaa juu ya kigoda.

Baadaye alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alichukua mfuko wa shule wa binti yake, uliokuwa umeachwa kwenye kona, akaufungua. Ndani, chini ya madaftari, alikuta pete tatu za funguo. Pete zake mwenyewe. Kila pete ilikuwa na vikaratasi vilivyotobolewa, vingi, vidogo kama kucha ya kidole gumba. Kwenye pete ya kwanza kulikuwa na KI, U, M. Kwenye ya pili, PIMA, HAMI, YEYU, UA. Kwenye ya tatu, SHI, JI, WA.

Aliyasoma mara mbili. Hayakuwa maneno. Yalikuwa vipandevipande, kama ujumbe wa siri wa watu wanaopanga jambo.

Mkewe alipoingia na kapu la nguo, alimkuta amezishika pete zile.

"Ndiyo nini hiyo, Baba Chiriku?"

Alimweleza yote kwa kunong'ona, barua, kabati, msumari mtupu. Mkewe alikunja shuka ile ile mara mbili.

"Huyo mwalimu wa mazoezi," alisema mwishowe, "watoto wanamwita Bi Vipande. Anatembea na bahasha za vikaratasi. Chiriku hubaki naye kila siku saa ya mapumziko. Mimi nilidhani ni masomo."

"Na sasa unadhani nini?"

"Nadhani umuulize mwanao."

"Nikimuuliza atanidanganya, nitakuwa na makosa mawili badala ya moja."

"Au atakuambia ukweli, usiwe na hata moja," alisema mkewe. "Lakini wewe unaona heri kufungua mfuko kuliko kufungua mdomo."

Fundi alirudisha pete ndani ya mfuko wa shule kama alivyozikuta. Chiriku alipoingia na ndoo ya maji, baba yake alimwambia tu kwamba kesho wataongozana shuleni. Binti alimtazama usoni, kisha akautazama mfuko wake. Aliona mkanda umefungwa upande usio wake. Naye pia hakusema kitu.

Asubuhi walikaa watano katika ofisi ile: mwalimu mkuu, fundi, mkewe, Chiriku, na Bi Vipande. Huyu wa mwisho alikuwa msichana mwembamba mwenye miwani, na kweli alishika bahasha. Fundi aliitazama bahasha hiyo kama mtu anayetazama kufuli iliyovunjwa.

Mwalimu mkuu alirudia maelezo ya jana. Kisha akasema, kwa utaratibu tu, kwamba fundi amethibitisha funguo zilikuwa mbili.

Fundi alikohoa. Usiku kucha hakupata usingizi wa maana, na alijua kwa nini. Mtu humpa fundi kufuli mlango wake kwa sababu anamwamini. Akikubali uongo leo, ataupachika kwenye kila mlango mtaani.

"Zilikuwa tatu, Mwalimu," alisema. "Wa tatu ni wa majaribio. Huwa nautunza mwezi mmoja, kisha nauponda. Jana nilipotoka hapa niliutafuta. Haupo kwenye msumari wake."

Mkewe alishusha macho. Mwalimu mkuu aliweka kalamu mezani. Chiriku aligeuka kumtazama baba yake, na uso wake ukakunjamana.

"Baba, ule niliutoa mimi."

Akauweka mfuko wake wa shule magotini.

"Niliuvua kwenye pete. Nilitaka pete, si ufunguo. Zilikuwa mbili sakafuni, nikakosa ya tatu. Ufunguo niliutia kwenye kopo la chenga. Nilidhani umeisha kazi. Ungeniuliza jana, Baba, ningekwambia jana."

"Pete za kazi gani?" aliuliza mwalimu mkuu.

Chiriku akatoa pete zake tatu na kuziweka mezani. Mwalimu mkuu aliziinua kwa ncha za vidole.

"Haya ndiyo majibu ya mtihani?"

"Hapana, Mwalimu mkuu," alisema Bi Vipande. "Hiyo ni kazi niliyowapa. Naomba nieleze."

Alieleza kwamba wanafunzi wengi hukwama katika sayansi, si kwa sababu hawaelewi mambo, bali kwa sababu maneno ya vitabuni huwatisha. Wanaona neno refu, wanaliruka. Wanadhani kila neno ni geni na lazima likaririwe peke yake. Lakini maneno mengi ya masomo yameundwa kwa sehemu, na sehemu zile zile hurudi tena na tena.

"Chukua kipimajoto," alisema, akatenganisha vikaratasi vya bahasha yake mezani. "Mbele pana KI, hapa ni kifaa. Katikati pana PIMA. Mwisho pana JOTO. Kifaa cha kupima joto. Aliyelijua hilo, hahitaji kukariri kipimamvua. Amekwisha kulijua."

"Hayo ni rahisi," alisema mwalimu mkuu. "Mimi niliweka kiyeyushi. Niliweka kihami."

"Ndiyo. Nawafundisha hivi. Kwanza, watafute sehemu wanayoijua, mara nyingi iko katikati. Pili, watazame kilichoongezwa mbele na nyuma. Tatu, waunganishe maana na kukisia. Nne, warudi kwenye sentensi waone kama kisio linakaa. Likikaa, wahakikishe kwenye kamusi wakiipata. Sehemu mpya wanaiandika na kuitunza. Wengine wanatunza kwenye bahasha. Huyu alinunua mkasi, akatengeneza pete."

"Pete za baba yake," alisema mama mtu polepole.

Mwalimu mkuu hakucheka. Alisema maelezo ni mazuri, lakini maelezo mazuri hata mwizi anayo. Bi Vipande akamwomba atoe karatasi ya mtihani ya Chiriku na kitabu kile kipya, avilinganishe. Mwalimu mkuu alifungua kabati. Fundi alisikia kufuli yake ikigeuka, laini, na kwa mara ya kwanza sauti hiyo haikumpendeza.

Kitabu kilisema kihami ni kitu kisichopitisha joto kwa urahisi. Chiriku alikuwa ameandika hivi: "Kuhami ni kukinga. Kihami ni kitu kinachokinga. Mpini wa mbao unakinga mkono na joto la sufuria." Kwenye kiyeyushi alikuwa ameandika: "Kitu kinachofanya kingine kiyeyuke, kama maji yanavyoyeyusha sukari."

Mwalimu mkuu alizisoma sentensi hizo kwa muda mrefu. Alikuwa amezitia alama ya tiki bila kuziangalia vizuri.

"Si maneno ya kitabu," alikubali. "Lakini anayeona maswali mapema anaweza kwenda kuuliza mtu." Akavuta mtoto wa meza, akatoa kitabu kilichokuwa bado kimefungwa karatasi ya dukani. "Hiki kimeletwa juzi. Ni cha kilimo. Hakuna aliyekifungua, hata mimi." Akachana karatasi, akafunua katikati. "Soma hapa, binti. Eleza maneno nitakayoyagusa."

Fundi alishika magoti yake. Alijua hali hiyo. Ndiyo hali ya mteja anapotia ufunguo mpya mlangoni, na fundi amesimama pembeni, hana la kufanya tena.

Neno la kwanza lilikuwa kiuamagugu. Chiriku alilitazama kidogo tu. Ki, ua, magugu. Alisema ni kitu cha kuua magugu, labda dawa.

La pili lilikuwa uchavushaji. Hapo alisita. Midomo yake ilicheza. Fundi alitambua kwamba ndiko kule kunong'ona kwake kwenye kona ya kibanda.

"Mbele kuna U, mwisho kuna JI. Hiyo ni kazi ya kufanya jambo, kama usafirishaji. Kuna SHA, ni kusababisha. Katikati, chavu, sijui." Akarudi kwenye sentensi, akaisoma kwa sauti. Ilisema kwamba nyuki husaidia uchavushaji kwa kubeba unga wa ua moja hadi jingine. "Basi nakisia ni ile kazi ya kufikisha unga kutoka ua hadi ua."

Mwalimu mkuu alisoma maelezo yaliyokuwa chini ya ukurasa. Akagusa neno la tatu. Lilikuwa mboji.

Chiriku alilitazama. Alilitazama tena. Aliweka kidole juu ya M, akakiondoa. Alisoma sentensi, nayo ilisema tu kwamba mboji ikiwa nyingi mazao huongezeka.

"Hili sijui," alisema.

"Jaribu."

"Nimejaribu. Halifunguki. Bi alituambia si kila neno limeundwa kwa vipande. Kitabu si kitu kidogo cha tabu, ingawa wengine darasani wanaona hivyo." Mama yake alijifuta mdomo kuficha tabasamu. "Naona mboji ni kitu kizuri kwa mazao. Zaidi ya hapo nitakuwa nabuni. Inabidi niulize, au nitafute kwenye kamusi."

"Kufuli isiyofunguka," alisema fundi bila kukusudia, "hailazimishwi. Ukilazimisha unavunja ufunguo."

Wote walimgeukia, naye akainama kwa haya.

Mwalimu mkuu alifunga kitabu. Alisema, kwa sauti yake ile ile ya chini, kwamba mboji ni majani na masalia yaliyooza, yanayorutubisha udongo. Kisha akasema jambo lililomfanya fundi ainue uso.

"Aliyeiba majibu hujua jibu tu. Hajui mahali ujuzi wake unapoishia. Huyu anapajua." Akachukua nakala ya barua ya jana, akaichana mara mbili. "Alama zake zinabaki. Nami nilifanya haraka. Nilipaswa kusoma alichoandika kabla ya kuhesabu alichopata."

Mama yake Chiriku alivuta pumzi ndefu. Bi Vipande alivua miwani na kuifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

Walipotoka, fundi alitembea kando ya binti yake. Alitoa barua yake mfukoni, akamwonyesha lile neno lililomnyima usingizi.

"Hili nalo linafunguka?"

Chiriku alilitazama. "Mshukiwa. M ni mtu. Katikati ni shuku. WA ni kwamba anatendewa. Mtu anayeshukiwa." Akaendelea kutembea. "Halisemi kama amekosa, Baba. Linasema tu kuna watu wanaomshuku."

"Na mimi nilikuwa mmoja wao."

"Niliona mkanda wa mfuko."

"Nisamehe, mwanangu. Nilipaswa kukuuliza."

"Na mimi nilipaswa kuomba pete," alisema Chiriku. Kisha, kwa kuwa alikuwa Chiriku, akaanza kueleza maneno yote yenye WA mwishoni, na hakunyamaza mpaka kibandani.

Hapo walimimina kopo la chenga juu ya gazeti. Ufunguo wa majaribio ulikuwa chini kabisa, umejaa unga wa shaba. Fundi hakuuponda. Aliusafisha, akarudi nao shuleni, akauweka juu ya meza ya mwalimu mkuu pamoja na nyundo. Akamwomba aupige yeye mwenyewe.

Tangu siku hiyo desturi ya fundi ilibadilika. Ufunguo wa majaribio huupondea mbele ya mteja, siku ile ile, kabla hajapokea ujira. Misumari ile tisa nyuma ya mlango haina tena funguo.

Shuleni nako mambo yalibadilika. Mwalimu mkuu alimpa Bi Vipande robo saa kila Jumatatu kwa kila darasa, na mwenyewe akakaa nyuma kusikiliza. Mwanzo alikuja kuchunguza. Baadaye alikuja na bahasha yake. Muhula uliofuata, wanafunzi walioruka maneno magumu walipungua hadi wachache, na hata waliokosea walikosea kwa kujaribu.

Fundi naye hakuachwa. Kopo jipya la mafuta ya kufuli lilikuja na maandishi mengi, na zamani angelipa kisogo. Sasa alilisogeza kwenye mwanga. Kizuiakutu. Aliweka kidole gumba juu ya sehemu ya mwisho, akasoma iliyobaki, kisha akakiondoa.

"Mama Chiriku," aliita, "haya mafuta yanazuia kutu."

"Nani kakwambia?"

"Yamejisema yenyewe."

Mkewe alikuja kutazama. Nyuma ya mlango, kwenye misumari tisa, pete tisa zilining'inia, kila moja na vikaratasi vyake. Fundi alizinunua mwenyewe, mpya, na msumari wa kwanza aliutengea vikaratasi vyake yeye.